Mzee huniuliza kama chakula hakina nyama, nami humjibu kwamba hakina

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nina umri wa miaka 26, na kwa miaka miwili nimekuwa nikifanya kazi kwenye kaunta ya mgahawa unaouza vyakula vya haraka visivyo na nyama. Nakuandikia kwa sababu jambo linalonisumbua siwezi kulizungumza kazini, na nyumbani nikilieleza huambiwa kwamba nalikuza.

Mgahawa wetu ni mdogo, lakini wateja ni wengi. Tunauza baga za dengu na za maharage, chipsi, supu ya uyoga na saladi. Ubao uliopo mlangoni umeandikwa kwa herufi kubwa za kijani: "Hapa hakuna nyama, hakuna kuku, hakuna samaki." Siku yangu ya kwanza, kabla hata sijafundishwa kutumia mashine ya malipo, meneja alinisimamisha mbele ya ubao huo akaniambia kwamba mteja akiuliza lolote kuhusu nyama nisisite hata kidogo, nitabasamu na kusema, "Hakuna kabisa." Maneno hayo nimeyasema mara nyingi kiasi kwamba wakati mwingine huyatamka kabla mteja hajamaliza swali lake.

Wiki tatu zilizopita nilitumwa stoo kuchukua ndoo ya sosi ya kahawia, ile inayopakwa kwenye baga ya dengu, ambayo ndiyo inayonunuliwa kuliko zote. Niliona ndoo zina rangi tofauti na zile nilizozizoea, kwa kuwa msambazaji alikuwa amebadilishwa. Pale stoo sijawahi kusoma lebo ya kitu chochote, lakini siku hiyo niliigeuza ndoo chini ya taa ili nihakikishe kwamba ndiyo sosi yenyewe. Katika orodha ya viambato, baada ya siki, sukari, nyanya na chumvi, nilikuta maneno "samaki wadogo waliochachushwa". Nikayasoma mara tatu.

Kesho yake nilimweleza meneja tukiwa wawili tu. Hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba hakuwa anajua, kwamba sosi ya zamani ilikosekana na hii ndiyo iliyopatikana upesi, kwamba katika baga moja ni tone tu, na kwamba kwa watu wengi samaki si nyama. Akaongeza kuwa ndoo zilizobaki zikiisha tutarudi kwenye sosi ya zamani, akaniomba nisiwatie wenzangu wasiwasi. Siku hiyo ndoo zilikuwa 11. Leo asubuhi zilikuwa 7. Nimekuwa nikizihesabu kila siku kabla ya kuvaa aproni.

Pengine ningeweza kuvumilia, kama si mteja mmoja. Ni mzee ambaye huja kila Ijumaa saa saba mchana na kuagiza baga ya dengu na chai isiyo na sukari. Kila anapofika kwenye kaunta huniuliza, "Binti, na leo pia chakula hakina nyama?" nami humjibu, "Hakuna kabisa, Mzee." Sidhani kama anauliza kwa sababu ana shaka, maana huwa ameshashika pesa mkononi, imekuwa kama salamu kati yetu. Akimaliza kula huikunja karatasi ya baga mara nne na kuiweka chini ya kikombe, ili anayesafisha meza asihangaike. Aliwahi kuniambia kwamba kwa zaidi ya miaka 30 hajala kiumbe chochote chenye damu. Mwaka jana alijaza kadi ya maoni akinisifu, na kwa ajili ya kadi hiyo nilichaguliwa kuwa mhudumu bora wa mwezi. Picha yangu ingali imetundikwa ukutani, nyuma ya ubao uleule wa kijani.

Tangu niisome lebo, amekuja mara tatu. Ijumaa ya kwanza mdomo ulinitangulia, nikamjibu kama kawaida. Ya pili nilijifanya sikumsikia, nikawa nabonyeza mashine ya malipo. Ya tatu, nilipomwona anavuka barabara, nilimwomba mwenzangu ashike kaunta, nikaenda nyuma kuosha trei ambazo zilikuwa safi.

Kazi hii naihitaji. Namsomesha mdogo wangu, na meneja huyu ndiye aliyeniajiri wakati sikuwa na uzoefu wowote. Mwenzangu wa jikoni nilipomdokeza alicheka, akasema mzee hatakufa kwa tone la samaki. Je, nimwambie Mzee kwamba amekwisha kulishwa samaki bila kujua? Nikimwambia, nitakuwa nimemsaidia au nimemwumiza? Na nikinyamaza mpaka ndoo ziishe, kosa langu litakuwa lipi, ikiwa baada ya hapo maneno ya ubao yatarudi kuwa kweli?

Ni mimi,
Mhudumu wa Kaunta

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa mzigo huu.

Umegundua kwamba chakula unachokitolea neno lako mwenyewe si kile ambacho neno hilo linakitaja. Ulimweleza mwenye mamlaka, naye ameomba muda. Na ndani ya muda huo yupo mtu anayekuamini ambaye anaendelea kula. Unaniuliza kuhusu mtu huyo, lakini nikiisoma barua yako kwa utulivu naona umefunga maswali mawili katika furushi moja. Liko swali la sahani za Ijumaa zilizopita, na liko swali la sahani ya Ijumaa ijayo. La kwanza ni zito, na sina hakika kwamba lina jibu litakalokuridhisha. La pili bado halijatokea. Nachelea kwamba uzito wa lile la kwanza ndio unaokufukuza kaunta na kukupeleka kuosha trei safi, ilhali lile la pili linahitaji mtu aliyesimama pale pale kaunta.

Niruhusu nianze na meneja wako, kwa maana sioni katika barua yako mtu mwovu. Aliposema kwamba hakuwa anajua, mimi naweza kumwamini. Anayeendesha jiko lisilo na nyama hupata taabu kubwa zaidi kwenye lebo kuliko kwenye sufuria, kwa sababu mnyama huingia kwa majina yasiyofanana naye. Sosi nyingi za siki na viungo, mfano wake ile ya Worcestershire, kwa asili hutengenezwa kwa samaki wadogo waliochachushwa. Jelatini, ile inayogandisha jeli na peremende laini, hutokana na ngozi na mifupa. Rangi nyekundu inayoandikwa E120 hutokana na wadudu. Baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama, na ile ya Italia iitwayo Parmigiano Reggiano hairuhusiwi kutengenezwa kwa njia nyingine. (Kama kwenye baga zenu mnaweka jibini, nakuomba radhi kwa kukuongezea lebo nyingine ya kusoma.) Kwa hiyo kosa la kuinunua sosi hiyo ni kosa ambalo mtu mwangalifu angeweza kulifanya. Kuendelea kuiuza baada ya kujulishwa ni jambo la namna nyingine, na nadhani ukimya wake ule mfupi kabla ya kukujibu unaonyesha kwamba hata yeye anajua hivyo.

Hoja yake kwamba samaki si nyama nisingeicheka. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tunasema "leo hatuli nyama, tunakula samaki", na hakuna anayeshangaa. Walaji mboga wenyewe, hata hivyo, wana msimamo unaojulikana: chama cha walaji mboga cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1847, hakimhesabu anayekula samaki kuwa mla mboga. Lakini wewe na meneja wako hamna haja ya kufika mbali hivyo, wala kubishana juu ya maana ya maneno. Ubao wenu umeshalijibu swali. Ungekuwa umeandikwa "hakuna nyama" tu, ningekuambia kwamba kuna nafasi ya mjadala. Bali mwandishi wake aliwataja samaki kwa jina.

Sasa nije kwa mwenzako wa jikoni, yule aliyecheka akasema kwamba mzee hatakufa kwa tone la samaki. Pengine amesema kweli kuhusu Mzee. Kuhusu wateja wengine hajui, wala wewe hujui, wala meneja hajui. Wapo watu wenye mzio wa samaki, na kwa baadhi yao kiasi kidogo sana hutosha kuvimbisha koo na kubana pumzi; tena kupika hakusaidii, kwa kuwa protini inayosababisha mzio huo kwa wengi wao haiharibiki kwa moto wa kawaida. Ndiyo sababu samaki wamo katika orodha ya viambato 14 vya mzio ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inataka mteja ajulishwe, hata anaponunua chakula kisichofungashwa. Mtu mwenye mzio wa namna hii huuliza kila mahali anapokula, huuliza mpaka wenzake wakamchoka. Mahali pekee ambapo anaweza kuacha kuuliza ni pale mlangoni palipoandikwa kwamba hakuna samaki.

Katika barua yako umelieleza jambo hili kama mvutano kati ya dhamiri yako na mshahara wako, na kwa sehemu ni hivyo. Lakini ulipozungumza na meneja, nadhani alisikia habari ya imani na hisia za watu, vitu ambavyo mtu mwenye shughuli nyingi huona vinaweza kusubiri. Habari ya mzio haina subira ya namna hiyo. Umesema kwamba ndoo zimepungua kutoka 11 hadi 7 katika wiki tatu. Kwa mwendo huo zilizobaki zitachukua wiki tano nyingine au zaidi, na sijui kama yeye amewahi kupiga hesabu hiyo. Ungeweza kurudi kwake, safari hii ukiwa na lebo mkononi badala ya kumweleza kwa mdomo, ukamwuliza akitokea mteja mwenye mzio wa samaki wewe umjibu nini. Usimwambie afanye nini. Mwulize tu, kisha mwache alitafute jibu. Ukitaka, mpelekee na njia ya kutokea: kwamba baga ya dengu iuzwe bila sosi ile kwa sasa, au jiko lichanganye sosi yake yenyewe kwa nyanya, siki na viungo, au kipachikwe kwenye kaunta kikaratasi kinachosema kwamba sosi imebadilika na sasa ina samaki. Kikaratasi hicho ndicho ambacho nadhani atakikataa kwanza, kwa kuwa kinagombana waziwazi na ubao.

Akikataa, huenda ni kwa sababu anaamini kwamba ukimya unaulinda mgahawa. Ipo habari inayojulikana inayoweza kumfikirisha. Mwaka 1990 kampuni ya McDonald's ilitangaza nchini Marekani kwamba chipsi zake zitakaangwa kwa mafuta ya mimea pekee, na walaji mboga wengi, miongoni mwao Wahindu, wakazila kwa amani. Baadaye ikajulikana kwamba chipsi hizo zilikuwa zikitiwa ladha iliyotokana na nyama ya ng'ombe kabla ya kufika mgahawani. Walifungua mashtaka, na mwaka 2002 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10 na kuomba radhi. Kiasi cha ladha ile katika chipsi moja kilikuwa kidogo mno. Kilichowauma waliolalamika ni kwamba walikuwa wameuliza, au wameambiwa, na wakaamini.

Njia hii ya kurudi kwa meneja ina hatari zake, nami sitaki nizifiche. Anaweza kukuona msumbufu, na mtu aliyekupa kazi ukiwa huna uzoefu anaweza kuhisi kwamba humlipi fadhila. Hapo nakuomba ulifikirie upya hilo deni lako kwake: alikuajiri usimame kaunta useme ukweli ulioandikwa kwenye ubao, na siku ya kwanza yeye ndiye aliyekusimamisha mbele yake. Sijui kama kumkumbusha ubao wake mwenyewe kunaweza kuitwa utovu wa shukrani. Lakini wewe unamjua uso wake nami simjui.

Unaweza pia kumwendea mwenye mgahawa, kama si meneja huyohuyo, au kupeleka taarifa kwa mamlaka inayosimamia usalama wa chakula huko uliko. Njia ya kwanza inaweza kumharibia meneja ambaye huenda angerekebisha mambo mwenyewe kama angebanwa kidogo tu. Ya pili ni haki yako. Ila mahali padogo penye wafanyakazi wachache, ambapo mmoja wao ndiye aliyeisoma lebo na kuuliza, taarifa isiyo na jina huwa na jina. Vyovyote utakavyochagua, andika mahali pako tarehe uliyoisoma lebo, siku uliyomweleza meneja na jibu alilokupa, na uwe na picha ya lebo hiyo. Sikuambii hivyo ili uanze vita. Mambo yakigeuka, mtu wa kaunta ndiye anayekuwa wa kwanza kuulizwa kwa nini alisema "hakuna kabisa".

Na maneno hayo ndiyo yanayonirudisha kwako. Katika jambo lote hili kuna kitu kimoja ambacho si cha meneja wala cha msambazaji, nacho ni sauti yako. Umeandika kana kwamba mbele ya mteja una njia mbili tu, kumwambia kila kitu au kumdanganya. Mimi naona ipo ya tatu, ndogo, inayochukua muda uleule wa kutabasamu: "Sosi ya baga ya dengu imebadilika, sasa ina samaki, nikuwekee bila sosi?" Hujamlaumu mtu wala hujaeleza historia ya ndoo. Mteja amepata anachohitaji ili aamue, na wengi watasema "weka bila" na foleni ikaendelea. Hatari yake ni kwamba wenzako watakusikia, na meneja pia atakusikia. Ndiyo maana ni afadhali azungumziwe kabla, ili asije akahisi kwamba umemzunguka.

Sasa Mzee. Unauliza kama kumwambia habari za Ijumaa zilizopita kutamsaidia au kutamwumiza, nami siwezi kukujibu, kwa sababu wala mimi wala wewe hatujui ni kwa nini haili nyama. Umemfikiria kama mtu ambaye ameshika nadhiri kwa miaka 30 na ataanguka akisikia. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba aliacha kwa ushauri wa daktari, au kwa kuwahurumia wanyama, au alichukia tu harufu yake. Kama ni jambo la imani, huenda imani yake inatofautisha kati ya anayekula kwa kujua na anayelishwa bila kujua, na huenda ina la kufanya katika hali kama hiyo, ambalo hatalifanya ikiwa hajui kwamba limetokea. Kama ni afya, pengine tone halitakuwa kitu. Ni mwili wake na ni maisha yake, kwa hiyo naelewa kabisa kwa nini unahisi kwamba habari hii ni mali yake na wewe umeishika tu.

Lakini kabla hujamrudishia mali hiyo, jiulize kwa upole kama unamwambia ili yeye ajue au ili wewe ulale. Siulizi ili kukuaibisha. Mara nyingi sababu hizo mbili huja pamoja, na si kosa. Nauliza kwa sababu zinaongoza kwenye maneno tofauti. Anayesema ili mwenzake ajue husema kwa ufupi, humwachia nafasi ya kukasirika, na hamwombi amfariji. Anayesema ili apumzike hulia, na mara mzee wa watu anajikuta akimbembeleza mhudumu mchana wa Ijumaa huku baga yake ikipoa. Ukijiona uko karibu zaidi na huyu wa pili, pengine subiri kidogo, au muombe meneja mseme pamoja, kwa kuwa sosi ilinunuliwa na mgahawa na haikununuliwa na wewe. Ujue pia kwamba anaweza asirudi tena, na kwamba mkono uliojaza kadi ya kukusifu unaweza kujaza nyingine. Hasira yake, ikija, itakuwa na haki yake. Ijumaa ile ya kwanza ulimjibu ukiwa umeshaisoma lebo, nami sitakuambia kwamba hukumjibu. Nitakuambia tu kwamba ulikuwa na jibu lililokaa mdomoni kwa miaka miwili, na kwamba tangu siku hiyo hujaweza kulirudia, hata kwa kujificha.

Kuhusu kunyamaza mpaka ndoo ziishe, sitakuita mkosaji ukichagua hivyo. Una mdogo wako wa kusomesha, na anayekushauri hatakulipia ada yake. Nina shaka tu na lile tumaini kwamba ndoo ya mwisho ikiisha ubao utarudi kuwa kweli. Kwa wateja utarudi. Kwako wewe, Mzee atakuja Ijumaa inayofuata na kuuliza swali lake, na utamjibu kwa ukweli, nami sijui utalisikiaje jibu hilo likitoka mdomoni mwako.

Nenda kwanza na lile swali la mzio. Ni fupi, halimshtaki mtu, na litakuonyesha haraka uko mbele ya meneja wa namna gani. Baada ya hapo hizi njia nyingine utaziona kwa sura tofauti na ninavyoziona mimi nikiwa huku. Ukipata nafasi ya kuniandikia tena, ningependa kujua alijibu nini.

Mshauri wako